Nilivyoinywesha Mota Maji ya Beseni

Cheti changu cha masomo ya jioni ni kipana kuliko mlango wetu, lakini hakikunisaidia. Karakana yetu ya vinyago vya mawe ya sabuni, kijijini Tabaka, ilinunua mashine ya kuchonga, ambayo mota yake hupozwa kwa maji yanayozunguka ndani ya mpira. Mama Kerubo, mwenye karakana, akauliza, "Profesa, tutie kulanti, yale maji maalumu ya kupozea, ya dukani?"

"Ya nini, mama?"

Nilikuwa nimewaza: maji ya beseni la kusugulia vinyago hupoza jiwe kutwa, mota ni nani ikatae? Juu yalikuwa maangavu. Nikatia.

Saa sita, mnunuzi akisubiri twiga wake wa jiwe wa mwisho, mota ikazimika, inachoma kama jiko. Mama Kerubo akachomoa mpira, ukatema uji mzito wa unga wa jiwe.

"Profesa, na humu ndani ulikuwa unachonga nini?"