Siku Neema Alipojitoa Uwanjani

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu Neema, nilipotaka kumrarua mwalimu wako wa kriketi, Mwalimu Hamisi, mbele ya watu.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Walikuwa wanachagua timu ya mkoa ya kriketi ya wasichana, kwenye uwanja mmoja mtaani Kensington, na mimi nikafunga saluni yangu ya mtaa wa La Rochelle, Jumamosi yenye wateja, nije kukuona ukichaguliwa. Ulipiga vizuri. Halafu mpira ukagusa gongo lako kidogo tu, msichana aliyesimama nyuma yako akaudaka. Ukidakwa hivyo, umetoka. Lakini mwamuzi hakusikia kitu, akatikisa kichwa: endelea. Eish! Wewe ukatia gongo kwapani, ukaondoka. Majina yaliposomwa, lako halikuwemo.

Nikamfuata mwalimu wako mbio.

"Ni nini hii umemfundisha mtoto wangu?"

"Mama Neema, hata salamu?"

"Salamu baadaye! Mwamuzi hakusikia."

"Neema alisikia."

"Na wewe, kujitoa-kujitoa huko tangu ujana kumekupa nini?"

"Watu wa kunifokea, kama wewe."

Nikacheka bila kupenda, hasira ikiwa palepale. Mzee wa watu! Wiki nzima anafundisha hesabu, Jumamosi anawafundisha wasichana kriketi bure, suruali nyeupe imepigwa pasi kama anaenda kuoa. Amecheza tangu ujana wake Dar es Salaam, kwa mapenzi tu, na hajawahi kulipwa hata soda.

"Mama," akaniambia taratibu, "nikimzoesha kungoja mtu mwingine amwambie jambo analolijua, nitakuwa nimemfundisha nini?"

Nikakushika mkono tukaondoka. Kwenye teksi ulilia njia nzima. Nikakuuliza, ungerudia tena? Ukasema ndiyo, tena kwa ile sauti yako ya kiburi. Hapo nikajua una kitu ambacho si mimi niliyekupa, na tangu siku hiyo mzee yule hakosi maandazi yangu, ingawa bado tunabishana.

Basi nisikilize. Ukijua kosa ni lako, sema mwenyewe, usijifiche nyuma ya mtu ambaye hakuona. Lakini kama hukugusa, mwanangu, usisogee, hata uwanja mzima ukikuzomea. Niite. Nitakuja kuwazomea wao.

Mungu amtunze mwalimu wako. Na wewe akupe waamuzi wanaosikia. Wasiposikia, akuachie masikio yako na miguu yako hiyohiyo.