Msindikizaji Aliyefungiwa Ndani

Nilikana kwa miaka mingi kwamba nilikuwa na matumaini. Mtu wa maabara, niliwaambia wanafunzi, ana matokeo tu. Uongo uliovaa koti jeupe. Kila kichupa nilichokitoa kwenye friji nilikitazama kama mzazi anayesubiri mtihani wa mwanawe.

Siku ya kwanza kazini Mbarara, Uganda, niliwasili na shahada, viatu vipya na maelezo marefu kuhusu protini. Mkuu wa maabara alinisikiliza kidogo.

“Nyabo,” akaniita, kama waitavyo mwanamke kwa heshima, “hiyo yote ni sawa. Barafu iko wapi?”

Nilikuwa nimeisahau. Kipande cha uvimbe nilichotumwa kukichukua chumba cha upasuaji kilikuwa mkononi mwangu kikipata joto, na protini hazisubiri mtu amalize hotuba.

Tulichunguza protini tulizoziita wasindikizaji. Ndani ya seli, msindikizaji huishika protini changa mpaka ijikunje sawasawa. Hubeba pia vipande vya protini nyingine za seli hiyo. Katika saratani, hata vile vyenye kasoro. Akitoka nje na mzigo huo, seli za doria humpokea, huwaonyesha walinzi wa mwili mzigo huo, nao huamka kuisaka saratani yenyewe. Sisi tuliwachuja wasindikizaji kutoka uvimbe uliokatwa, tukawaweka kwenye kisahani pamoja na damu ya mgonjwa yuleyule, tukangoja. Mara nyingi hakuna mlinzi aliyeamka.

Baadaye nilipangiwa Nakivale, makazi ya wakimbizi, kueleza utafiti huo na kuomba ridhaa. Kule Juru, eneo mojawapo la makazi hayo, nilikutana na Mama Odeta, Mrundi mkulima wa maharage, mwenye uvimbe pajani. Daktari wa upasuaji alitaka autoe kabla haujasambaa. Mimi nilimweleza mama huyo habari za wasindikizaji vizuri mno. Akafikiri, akacheka.

“Sasa dokteri, kama huyo anabeba sura ya adui, munamutoa kwa nini? Mumuache mule ndani, walinzi bamuone.”

Mfano wangu mtamu ulikuwa umemwondolea haja ya kwenda hospitali.

“Mule amefungiwa, mama. Na uvimbe huwalewesha walinzi. Ukikaa nao utasambaa, utakuua.”

“Mukishautoa, mutanitengenezea dawa?”

“Hapana. Dawa hatuna. Tunatazama kwenye kisahani tu.”

“Basi munataka nyama yangu ya nini?”

“Kujua.”

“Eh! Kujua!” Akachukua jembe lake. “Wende salama, dokteri.”

Nilirudi tena na tena, utafiti nikiuacha kando, nikiomba jambo moja: akubali kupasuliwa. Nilimwachia namba yangu ya simu; yeye alinipa maharage, hakunipa jibu.

Halafu nikastaafu. Wenzangu walinitakia mapumziko. Mimi nilizunguka nyumba yangu ya Nyamitanga nikipanga vikombe upya, kisha nikivipangua. Vijana wa sasa wana mashine bora kuliko zetu, na naamini siku moja kile kinachoamka kwenye kisahani kitaamka ndani ya mtu. Nawaachia ushauri mmoja: mgonjwa husikia “huenda” kama “kesho”. Lakini wiki zile sikuwaza sayansi wala vijana. Niliwaza paja moja la Juru.

Asubuhi moja simu ikalia, namba nisiyoijua.

“Dokteri? Ni Mama Odeta. Niko huku Mbarara, ku hospitali. Bamenikataza kula, banasema leo banakata. Nimebaambia iyo nyama bakupe. Utakuja kuibeba weye, ao utatuma mutu?”