Alama Zangu Kwenye Droo ya Madam

Jamani, yamenikuta.

Leo binti ya madam, yule wa sekondari, ameniita chumbani kwa mamake. Akanipaka wino vidoleni, akavikandamiza kwenye karatasi.

Nikajua halas, yamekwisha, nimeshukiwa wizi. Na ikama yangu, kibali cha kuishi huku Saudia, anaiweka madam!

Kumbe ni kazi ya shule. Wanasomea vile polisi hutafuta wezi. Mwalimu amesema mwenye alama nyingi huulizwa kwanza.

Akapaka unga mweusi wa kuonyesha alama kwenye droo ambamo madam huweka dhahabu yake. Alama zote zangu! Si mimi ndiye huipanguza na kuifunga kila asubuhi?

Msichana akacheka. Nami nikajilazimisha kucheka.

Madam, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. Alifungua droo, akaanza kutoa bangili moja moja, akizihesabu.

Niko jikoni naandika. Dada zangu wa Jeddah, mngekuwa nyinyi mngesema nini?

Bado namsikia anazitoa.