Nukta Yenye Mkia

Mwaka ule nyati walipoanza kutoka kwenye vichaka vya leleshwa mchana kweupe, kamati ya ranchi yetu ilinituma Nakuru nikachague kioo cha kulengea cha bunduki. Mimi ni mzee wa kanisa, mtu wa miwani. Mikono yangu imezoea jembe na daftari la kumbukumbu za mikutano; bunduki sikuwahi hata kuibeba begani. Nilipowaeleza hivyo, mhazini wetu, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kunibembeleza, alisema hiyo ndiyo sababu ya kunituma: anayejua hununua upesi, asiyejua huuliza.

Ranchi yenyewe ni ya ushirika, kipande cha shamba la mzungu ambalo wazazi wetu walinunua kwa kuchanga, upande wa Elementaita. Juu ni leleshwa tupu, vichaka vinavyomfika mtu mabegani, na njia nyembamba za ng'ombe katikati. Chini ni uwanda unaoteremka hadi ziwani, ambako fisi huonekana akiwa bado mbali, mdogo kama paka. Mlinzi wetu ni mmoja, na bunduki fupi ya ranchi ni moja. Hufuatana na ng'ombe pande zote mbili kwa siku moja. Asubuhi hatari iko hatua ishirini mbele yake, mchana iko hatua mia mbili. Mara nyingi hupiga risasi ardhini kutisha tu. Kumlenga mnyama ni kwa siku ambayo njia nyingine zimeisha.

Siku hiyo ilikuwa imeshafika. Nyati dume alitoka kichakani akamvamia mtu wetu wa kuchunga ng'ombe. Mlinzi alipiga mara mbili, umbali usiozidi kutoka mlango wa kanisa letu hadi madhabahuni, akakosa mara mbili. Yule mchunga ng'ombe alivunjwa nyonga. Namshukuru Mungu alirudi kutoka hospitali, ingawa alirudi na fimbo. Sisi wanakamati tulikaa tukakubaliana kwamba bunduki imezeeka, ule mwiba wa chuma wa kulengea umechakaa, na dawa ni kioo cha kisasa. Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo. Hata mimi sikuuliza.

Tulikwenda dukani pamoja, mimi na mlinzi. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mpole, na katika kwaya yetu anaimba besi. Muuzaji alitupokea vizuri, kisha akaniuliza swali lililonichanganya kwa wiki mbili zilizofuata.

"Mzee, shida yenu ni ya karibu ama ya mbali?"

Nilimwambia ni zote mbili. Akacheka, akasema kila mtu humjibu hivyo. Akaweka vioo viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa kifupi kama kikombe, na ndani yake nukta nyekundu inayowaka kwa betri. Hakikuzi kitu. Unafungua macho yote mawili, unaweka nukta juu ya unachokiogopa, basi. Kwa karibu, alisema, hakuna kinachokishinda kwa wepesi. Cha pili kilikuwa darubini ndefu, nzito kidogo, yenye pete ya kuzungusha: ikiwa kwenye moja unaona vitu kama vilivyo, ikifika sita fisi wa uwandani anakuja hadi mlangoni. Ndani yake kuna msalaba mwembamba uliochongwa kwenye kioo chenyewe. Nikamuuliza kama darubini inafanya ya karibu na ya mbali, nukta ni ya nini? Akasema nukta ni nyepesi na haikawii. Nikamuuliza kama nukta haikawii, darubini ni ya nini? Akanitazama kwa huruma. Kwa sababu ranchi ni mteja wake wa miaka mingi, alituruhusu kwenda na vyote viwili tukavijaribu.

Tulijaribia kwenye shimo la zamani la murram, ule udongo wa barabara. Mlinzi alifunga nukta kwanza, akatazama, akashusha bunduki, akatazama tena. Akasema kioo kimeharibika. Nukta ina mkia, alisema, imemwagika kama tone la wino kwenye karatasi mbovu. Alikifungua kile kioo akanipa nikiangalie chenyewe, bila bunduki. Niliona nukta ya duara, safi, ndogo kama mbegu ya sukuma wiki. Nikamrudishia. Akaona mkia. Tulibadilisha betri. Tulipunguza mwanga. Mimi duara, yeye mkia.

Nilikaa juu ya jiwe nikiwa sielewi kitu. Ni kioo kimoja, na sote tuna macho. Nikavua miwani ili nifute jasho, nikakiinua tena kile kioo bila kuivaa, na ile nukta ikaota mkia.

Mlinzi aliniona nikivaa na kuvua, kuvaa na kuvua. Alielewa kabla yangu. Akaketi kando yangu, akaniomba nisiseme kwenye kamati. Alisema mtu wa miwani hapewi bunduki huku kwetu, watu watamcheka, na kazi itakwenda kwa mwingine. Ana watoto wanne. Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo, jambo ambalo sikuwa nimeomba kulijua.

"Ile siku ya nyati, mzee, ule mwiba wa bunduki niliuona miwili. Nikalenga mmoja."

Nilimwambia nitaomba juu ya jambo hilo, na niliomba. Lakini nakiri kwamba kwa siku kumi na mbili maombi yangu yalikuwa ya mtu anayetafuta ruhusa ya kunyamaza. Nilimwona mchunga ng'ombe akija kanisani kwa fimbo, akiketi upande kwa sababu ya nyonga, na mlinzi nyuma yake akiimba besi. Nani kati yao alikuwa jirani yangu? Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na kama mtoto angeniuliza swali hilo ningelijibu upesi. Sasa nilipima pande mbili. Nikisema, nyumba ya watoto wanne inakosa chakula. Nikinyamaza, mtu anatembea mbele ya bunduki inayoona miiba miwili.

Kamati ilikutana katika ukumbi wa kanisa baada ya ibada, na mchunga ng'ombe akaalikwa kwa sababu jambo lilimhusu. Mlinzi alisimama mlangoni. Nilikuwa nimeamua kusema, kisha nikaamua kutosema, na niliposimama sikujua ni lipi kati ya hayo mawili litatoka kinywani. Kwa hiyo niliweka vioo mezani nikawaomba waviangalie wenyewe. Ulikuwa ni woga tu, si hekima, ingawa baadaye watu walinisifu.

Nukta ilizunguka meza. Wa kwanza alisema ni nzuri. Wa pili alisema ni nzuri, akiwa amekunja uso. Wa tatu, mhazini, alikitazama kile kioo kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Mzee, umetununulia nyota ya Krismasi? Hii kitu iko na mkia."

Yule aliyekunja uso akasema basi si yeye peke yake, yeye anaona kama kishada cha zabibu. Ikaanza kelele. Aliyeona duara akawaambia wenzake wazee wameanza kuota ndoto. Mhazini hakubali kushindwa. Alisema atampigia muuzaji picha ya ubovu wa kioo chake, akaweka simu nyuma ya kioo, akapiga. Tukainamia simu. Kwenye picha nukta ilikuwa duara, safi kabisa. Mhazini akaitazama simu, akaigeuza, akasema polepole kwamba simu haina sababu ya kusema uongo, kwa hiyo ubovu uko machoni mwake mwenyewe.

Ndipo mlinzi akaingia kutoka mlangoni. Alisema yote, akiwa amesimama mbele ya yule mtu mwenye fimbo: mkia, miiba miwili, na kwamba alijua tangu siku ya nyati na akanyamaza. Nami nikasimama nikasema nilijua kwa siku kumi na mbili.

Watu walimgeukia mchunga ng'ombe.

"Apimwe macho," alisema. "Kabla ya hapo sitembei mbele yake."

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Bunduki ilipelekwa kituo cha polisi ikatunzwa huko, ng'ombe wakabaki kwenye boma la chini wakila nyasi za kununua, na mimi nikarudi Nakuru na mlinzi, safari hii kwa daktari wa macho. Mhazini alikuja pia, kwa ajili yake mwenyewe, akilalamika njia nzima.

Kwa miwani mipya mlinzi naye aliona nukta ya duara. Bado nilishindwa kuchagua. Kwenye leleshwa asubuhi umande hulowesha miwani, na tawi laweza kuitoa usoni. Muuzaji alitwambia kwamba darubini ina pete nyingine nyuma, ya kuilinganisha na jicho la mtu, na msalaba uliochongwa haumwagiki kama nukta. Nikauliza pete ya kukuza iachwe wapi. Kwenye moja, alisema, kila wakati. Wa mbali atakungoja uzungushe, wa karibu hakungoji. Tukachukua darubini. Kama nilichagua vizuri, sijui. Siku nyingine naona uzito wake ukimchosha mlinzi begani, na ninawaza juu ya nukta.

Siku ya kuijaribu shimoni, bunduki ikiwa imerudi kutoka polisi, mchunga ng'ombe alikuja bila kuitwa. Mlinzi alipiga risasi tatu kwenye katoni lililokuwa hatua ishirini, akazungusha pete, akapiga tatu kwenye jingine hatua mia mbili. Mchunga ng'ombe alikwenda mwenyewe hadi kwenye katoni la karibu, kisha akatembea kwa fimbo yake hadi lile la mbali. Tulimngoja. Alitia kidole kwenye kila tundu. Aliporudi alikuwa anahema, akamuuliza mlinzi kesho ng'ombe watatoka saa ngapi.