Mdomo wa Nwe kwenye Shuka Jeupe

Nina mkoba wa kwendea sokoni uliosukwa kwa filamu za sinema. Zamani hapa kwetu Amarapura mikoba hiyo ilikuwa mtindo. Picha ikishachoka ilioshwa kwa maji ya moto mpaka sura zote zikatoka, ukabaki utepe mtupu unaong'aa, wanawake wakausuka. Aliyeniuzia wangu aliapa kwamba ulitokana na picha ya Dada Nwe. Huenda ni kweli, huenda alitaka tu kuuza mkoba. Siku nyingine nauinua dirishani, jua linapita ndani yake, nami natafuta japo unyusi mmoja. Hakuna kitu. Natia vitunguu vyangu, naenda zangu.

Vijana wakiniuliza huyo Nwe alikuwa nani, nawaambia alikuwa mdomo. Wanacheka. Wacheke tu, hawakuuona.

Tulilelewa nyumba moja. Mama yangu alikufa mimi sijaota hata jino, dada yake akanichukua. Jina lake Daw Pwa, lakini mimi nilimwita Mama Mkubwa maisha yake yote, na Nwe alikuwa binti yake wa pekee, amenizidi miaka miwili. Mama Mkubwa ndiye aliyekuwa na banda la kufumia hariri, vitanda vya mfumi ishirini na vinne chini ya paa moja. Vikianza kugonga vyote, hata radi ipige huisikii. Kwa hiyo wafumi wa kwetu hatukuongea kwa sauti. Tuliongea kwa midomo. Unalitanua neno polepole, unalisindikiza kwa nyusi, na mwenzako wa upande wa pili analisoma huku mikono yake haisimami. Tulisengenyana hivyo, tulitukanana hivyo, na wengine walichumbiwa hivyo. Mgeni akiingia anaona wanawake ishirini na wanne wanatafuna hewa.

Katika lugha hiyo Nwe hakuwa na mwenzake. Mdomo wake ulikuwa mpana, na wasichana walimtania kwamba akipiga miayo afunge madirisha, njiwa wasije wakaingia. Lakini akianza kusimulia hadithi toka kwenye kitanda chake cha kona, banda zima linageuza shingo. Mimi niliyekaa mkabala naye nilikuwa naishi humo, katika uso ule. Nikilala nauota ukiniambia mambo bila sauti, nikiamka naukuta umelala kando yangu, kinywa wazi, mate yanamtoka. Nilimpenda kupita kiasi, na sioni haya kusema.

Siku moja, siku chache kabla ya mwezi mpevu wa Tazaungmon, sikukuu yetu mvua zikiisha, alikuja bwana wa kampuni ya picha toka Rangoon, jina lake U Tun Gyaw, kununua hariri za mavazi ya waigizaji. Wakati huo picha zilikuwa hazisemi. Alisimama mlangoni akisubiri Mama Mkubwa amalize kazi. Nwe alikuwa ananisimulia habari za jirani yetu aliyemlilia ng'ombe wake kuliko alivyomlilia mume. Yule bwana hakusikia neno, na lugha yetu ya midomo hakuijua, lakini nilimwona anacheka, kisha anajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Alipata nafasi ya kumwambia Nwe maneno mawili tu: kwamba akitaka kuigiza, treni inaondoka alfajiri ya mwezi mpevu, na kwamba yeye hatarudi tena.

Basi hapo ndipo shetani alipopata mlango. Maana usiku wa kuamkia mwezi mpevu ndio usiku wa vazi lisilolala. Jua likizama tunaanza kulifuma, na kabla hakujapambazuka lazima liwe tayari, tukaivike nalo sanamu ya Buddha. Wasichana wanapokezana kwenye kitanda, mji mzima unatazama. Nwe, binti wa mwenye banda, ndiye aliyeshika kitanda chetu, na mama yake asingemwachia hata akazimia. Mimi nilishika taa. Kuelekea alfajiri nilimwona akitoa kisu kidogo cha kukatia nyuzi. Aliniangalia, kisha akakipitisha kwenye mtande, nyuzi zote za urefu zikalegea na kuanguka. Akanirushia kisu mapajani. Midomo yake ikasema, bila sauti, "Ninyamazie, mdogo wangu."

Watu wakapiga mayowe, wakakimbia huku na huku kutafuta mtande mwingine, na katika vurugu hiyo Nwe akatoka kuiwahi treni. Walipogeuka walinikuta mimi, taa mkono mmoja, kisu mapajani.

Sikusema. Ningesema nini? Nimchongee dada yangu kwa mama yake, nimwambie mwanao amelikata vazi la Buddha kwa mkono wake? Mama Mkubwa aliamini nilifanya kwa wivu, na kwamba Nwe alikimbia aibu niliyoileta mimi. Hakunifukuza, maana alikuwa mtu wa haki hata akiwa na hasira. Alitamka tu, mbele ya banda zima, kwamba sitakaa tena kwenye mtande wa vazi maadamu yeye yu hai. Tangu hapo kila Tazaungmon wenzangu wanafuma, mimi nachota maji ya kunywa. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami ndiye niliyekuwa kata, nazama na kuibuka na maji ya watu wengine.

Nwe, huko Rangoon, akawa mtu wa ndoto za watu. Picha yake ya kwanza alikuwa mjakazi, ya pili binti wa mfalme, na ya tatu wanaume wa Mandalay walianza kuchanja jina lake kwenye vibiriti vyao vya bati. Alituandikia barua, salamu nyingi, habari za hali ya hewa. Kuhusu mtande, hakuna. Mama Mkubwa alizikunja barua akazitia chini ya mto, lakini kwenda kumwona kwenye shuka jeupe la sinema alikataa. Alisema mtoto anatazamwa nyumbani kwake, hatazamwi ukumbini na watu wanaotema maganda ya alizeti.

Miaka sita ikapita hivyo, na macho ya Mama Mkubwa yakaanza kufunga ukungu. Kwanza hakuuona uzi, halafu hakuiona midomo yetu ng'ambo ya kitanda. Mtu ambaye banda zima lilikuwa lake akawa anakaa katikati ya kelele peke yake, hana wa kusema naye. Aliponiuliza, "Leo mnachekea nini?" ilinibidi nitoke kwenye kitanda nikamwambie sikioni. Mimi nilikuwa na haja moja tu duniani: kukaa tena kwenye mtande ule, naye anitazame nikifuma, kabla macho hayo hayajazima. Na kila mwaka niliona muda unaniishia.

Ndipo ikaja ile picha ya mlango. Wafumi waliikodishia mikokoteni ya ng'ombe kwenda Mandalay, onyesho la mchana, nami nikamsihi Mama Mkubwa wee, mpaka akachoka. Nadhani alitaka kumwona mwanawe maadamu bado kuna la kuona. Nilimketisha safu ya mbele kabisa, na wafumi wetu wakajaza safu tatu nyuma yetu. Ngoma na matoazi ya shaba vikaanza chini ya shuka, taa zikazimwa, tukawa sote kama tumelala tunaota ndoto moja.

Hadithi yenyewe ya kawaida: mke amesingiziwa, mume amemfungia nje, mvua inanyesha. Baadaye Nwe alinieleza jinsi ilivyopigwa. Mvua ilikuwa ya makopo ya kumwagilia bustani, jua likiwaka, naye machozi yalikataa katakata. U Tun Gyaw akamwambia, sema lolote linalokuuma, hakuna atakayekusikia. Kwa hiyo alisema. Alikuwa ameishi Rangoon muda mrefu, kwa watu wanaosikia kwa masikio, akasahau kwamba kuna mji mzima unaosoma midomo, tena ni mji wake.

Uso wake ukalijaza lile shuka. Paji la uso peke yake lilikuwa pana kuliko mlango wetu. Maji yanamchuruzika, anagonga, anasema. Kisha yakatokea maandishi, na ukumbi wote ukayasoma kwa sauti kama desturi: "Bwana wangu, nifungulie, sina kosa." Watu wakalia kwa kwikwi. Lakini safu tatu nyuma yangu zilikuwa zimeacha kutafuna alizeti, maana sisi tulikuwa tumesoma mengine. Alisema: "Mama, nifungulie. Mtande niliukata mimi. Sint hana kosa. Mama, nifungulie."

Sint ni mimi.

Miaka sita nilikuwa nikiyangoja maneno hayo, na sasa yamesemwa mbele ya watu mia tatu, na mtu mmoja tu niliyetaka ayaone ana ukungu machoni. Mama Mkubwa akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Amesema nini?"

Ningeweza kumwambia. Ulimi ulikuwa tayari. Nikamtazama, kizee cha watu kimekaa wima kwenye benchi, kimevaa nguo yake ya sikukuu kwa ajili ya mtoto, na uso wake umeangaziwa na mwanga wa uso wa Nwe. Nikasema, "Anamwomba mumewe amfungulie, Mama Mkubwa. Kama walivyoandika."

Picha ikaisha, tukapanda mkokoteni. Wenzetu wote walinyamaza, na mfumi akinyamaza ni lazima awe mgonjwa au anajua kitu. Tulipovuka mashamba ya mpunga, Mama Mkubwa akashika kiwiko changu.

"Umenidanganya," akasema.

Nikauliza nimemdanganya nini.

"Midomo yenu imenishinda siku nyingi, Sint. Midogo mno. Lakini ule wa leo ulikuwa mkubwa kama nyumba, hata mimi nimeusoma." Akajishikiza kwangu mpaka magurudumu yakatoka kwenye tope. "Miaka sita hukusema. Na leo nimekuuliza mwenyewe, bado hukusema. Mwezi mpevu ukija, wewe ndiye utakayekaa kwenye mtande. Mimi nitashika taa."

Nililia mpaka nyumbani, sikumbuki njia. Na Tazaungmon ile nilifuma, yeye ameshika taa karibu mno na mikono yangu hadi ikanibabua kidole. Sikusogea. Lakini nilipomwuliza kama tumwandikie Nwe kwamba tumejua, alikataa. Alisema mtu akiongea usingizini humshiki kwa maneno yake. Atakuja aseme akiwa macho. Basi mtaa mzima wa wafumi ukafunga mdomo, na mjue tu, kwa watu wetu hiyo si kazi ndogo. Usiku huohuo wa vazi Mama Mkubwa aliling'oa komeo la mlango, akalitia jikoni likawa kuni.

Miaka mitatu baadaye picha zikaanza kusema, na Nwe akaisha. Sauti yake haikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa ule mdomo. Walimwambia autumie kidogo, aongee kama watu, naye hakuweza. Kila neno alilitanua kana kwamba kuna vitanda ishirini na vinne vinagonga. Watazamaji waliomlilia wakaanza kumcheka. Akapanda treni.

Alifika mchana wa jua kali, hana hata mwavuli, poda imemkauka mashavuni. Mimi nilikuwa sebuleni namkorogea Mama Mkubwa chai, na yeye macho yalikuwa yameshazima kabisa. Tukasikia mlango unagongwa, na ile sauti ambayo nchi nzima haikuwa imeizoea.

"Mama, nifungulie."

"Sukuma," Mama Mkubwa akasema. "Haufungwi huo."

Akaingia, akapiga magoti, akasujudu mara tatu kama inavyompasa mtoto, kisha akabaki pale chini, paji la uso limegusa mbao. Alianza mara mbili akashindwa. Mara ya tatu akasema, "Mama, kuna jambo sijawahi kukwambia. Usiku ule wa vazi…"

"Ulishaniambia, mwanangu."

"Nilikwambia lini?"

"Siku ile ya mvua. Ulikuwa umelowa chapachapa, nikasikitika siwezi kukupa kanga ya kujifutia."

Nwe akaninyanyulia uso. Midomo yake ikaniuliza, bila sauti, wewe ndiye uliyemwambia? Nami nikamjibu vilevile, kwa midomo: hapana, ni wewe mwenyewe. Tukabaki tunatazamana, mimi na uso ule niliouota maisha yangu yote, safari hii umerudi ukubwa wake wa kawaida, umepungua, una mistari.

"Acheni kusemezana kimyakimya," Mama Mkubwa akasema, akipapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha Nwe. "Mnajua mimi sioni."

Hapo ndipo Nwe alipolia, kwa sauti, mdomo wazi wote, mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa.