Wimbo wa Sindano

Ukimtaka Kathini wa Kanyangi, usimtafute nyumbani. Mtafute kwenye mwethya, pale akina mama wanapochimba matuta kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Jembe si lake sana, tusidanganyane. Kazi yake ni kuanzisha wimbo, wenzake waitikie, majembe yafuate. Akinyamaza yeye, shamba zima linalala.

Basi chanjo ya surua ikatangazwa. Sokoni Kathini akamsikia muuza ndengu mmoja akisema eti sindano hiyo inafunga kizazi cha wasichana. Alimuuliza nani kasema? Wapi! Alishaanza kutafuta mdundo. Kesho yake, shambani kwa Ndululu, akaanzisha: daktari ana sindano, mama ficha binti. Ulinoga ajabu! Mtu akaurekodi kwa simu, na kabla ya Jumapili ulikuwa umefika Kwa Vonza.

Nesi Nzau alikuja na pikipiki yake kumsihi auache. Akamweleza kuwa chanjo haifungi kizazi cha mtu. Surua ndiyo inayoua watoto, na wengine huwaharibu macho na masikio. Kathini akacheka tu, akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Alikuwa na raha zake. Nani asiyependa kusikia sauti yake kwa simu ya mtu asiyemjua?

Surua nayo ikaja, haina habari na nyimbo. Simu ikapigwa kutoka Sultan Hamud: mjukuu wake, wajina wake, amelazwa. Kathini alifika hospitali na ndala mbili zisizofanana. Mtoto alikuwa na vipele mwili mzima, amefumba macho, anapumua kwa shida. Kwanza akamgombeza bintiye Kanyiva. Kliniki iko nyuma ya nyumba yako, mbona hukumpeleka akachanjwe?

Kanyiva akamtazama. "Mwaitu, si wewe mama yangu ndiye ulisema nimfiche?"

"Nilisema lini?"

"Kwa ule wimbo. Nilijua sauti yako. Ingekuwa ya mtu mwingine, ningeuliza."

Kathini akavuta kiti. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Akakaa kando ya kitanda akimwomba Mungu amwachie huyo mtoto.

Mungu si Athumani, mtoto akapona. Lakini sikio la kulia lilitoa usaha na halikusikia tena. Kathini aliporudi kwenye mwethya hakuimba. Aliweka jembe chini akawaambia wenzake kwamba aliwadanganya. Wengi walipeleka watoto wao kuchanjwa. Akatunga wimbo mwingine, wa kuisifu chanjo, na ni mzuri tu, ila ule wa kwanza ulishaota miguu. Akiusikia kwa simu ya mtu, humfuata mwenyewe na kumwomba aufute.

Siku hizi Kathini mdogo akiletwa Kanyangi, nyanya humwimbia. Mtoto hugeuza kichwa ili amwelekezee sikio la kushoto, na nyanya huhamia upande huo.