Ndani ya Jicho la Mama

Mimi ni mdadisi, na ugonjwa huo sijaupatia dawa. Nikiona mtu kafungwa bandeji nitauliza kaumia nini. Nikiona shimo nitainama nichungulie. Kwa hiyo mama alipotolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi, nikamleta kwangu Kibaha kumuuguza, mwenye maswali nilikuwa mimi, siyo mgonjwa.

Jicho lenyewe lilikuwa moja tu. La kushoto surua ililizima angali mdogo, na mwenyewe hakuona haya kujiita chongo. Kwa hilo la kulia alilima mihogo, akachota maji, akapika, akaishi peke yake Kurui, huko ndani ya Kisarawe, katika nyumba aliyoachiwa na baba. Makubaliano yetu yalikuwa wazi: jicho likipona anarudi kwake, likikataa, anahamia kwangu moja kwa moja. Hilo la kuhamia hakutaka hata kulisikia.

"Nyumba yako nzuri, mwanangu," alisema. "Lakini mie humu nimekaa kama mgeni. Hata kuku wa kumfukuza sina."

Hospitali walitupa masharti: dawa ya matone kwa saa zake, asilisugue, asililalie, na maji yasiguse jicho kabisa. Mama aliyashika kuliko nilivyoyashika mimi. Siku moja nilimletea kitambaa kibichi ajifute uso, alinikemea kama mtoto.

"Ala! Ulisikia walichosema, au ulikuwa unatazama feni?"

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Aliona utando wa buibui kwenye pembe ya dari, akaniuliza kama nyumba hii huwa inafagiliwa au tunasingizia tu. Aliona mvi zangu, akacheka hadi akakohoa. Nilifurahi kusimangwa, wallahi.

Kisha asubuhi moja alichelewa kutoka chumbani. Nikamkuta amekaa kitandani, kiganja kipo shavuni, kope imevimba.

"Shikamoo mama. Vipi?"

"Marahaba. Linavuta tu, litatulia."

Nikawasha tochi ya simu nimulike. Jicho lilikuwa jekundu, lakini si wekundu ulionishangaza. Mbele ya mboni, kwa chini, kulikuwa na mstari mweupe, umetulia sawasawa kama maziwa yaliyobaki kwenye kikombe. Nikamwambia ainamishe kichwa upande. Mstari nao ukahama taratibu, ukatulia upande ule. Nikamwambia ageukie huku. Ukarudi. Kwa muda nilisahau kwamba lile ni jicho la mama, nikawa natazama tu, nashangaa kitu gani hicho kinachotembea ndani ya jicho la mtu.

"Unaona nini?" akauliza.

"Wewe unaniona?"

"Naona mwanga. Wewe sikuoni."

Hapo ndipo woga uliponiingia. Sikukumbuka hata kuaga kazini. Tulikodi gari mpaka hospitali ileile ya mjini.

Dokta alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye kuongea huku mikono inafanya kazi. Alimulika na mashine yake, akamulika tena. Akasema ule weupe ni usaha, na vijidudu vimeshaingia ndani kabisa ya jicho. Nami, hata siku hiyo, sikuweza kujizuia. Ndani kabisa kuna nini? Kwa nini vidonge visitoshe?

Hakunifukuza. Aliniambia jicho kwa ndani limejaa ute, mzito kama ute wa yai bichi, na ute huo hauna mishipa ya damu. Mahali pengine mwilini damu huja haraka na askari wake. Mle vijidudu vinakula bila wa kuvibughudhi, na dawa uliyomeza hufika kidogo mno. Ndiyo maana dawa inabidi ipelekwe kwa sindano, ndani ya jicho lenyewe, leo hii, maana kila saa inayopita inaondoka na sehemu ya jicho.

"Sindano ndani ya jicho?" Mama aliuliza mara moja tu. Kisha akamwambia dokta, "Haya mwanangu, Mungu akuongoze mkono."

Niliomba nisimame nitazame. Nikatolewa nje. Baadaye dokta alinionyesha alichovuta kabla ya kuweka dawa, cha kupeleka maabara. Nilitegemea kioja. Kilikuwa kitone tu, cha kijivu kama maji ya kuoshea mchele.

Mama akalazwa. Nikaanza kujiuliza vile vijidudu viliingilia wapi. Matone nilimtia mwenyewe, mikono nimenawa. Maji hayakumgusa. Chumba nilikifagia, buibui nilimtoa. Nilimhoji mpaka akachoka nami.

Jibu nililiona kwa macho yangu, adhuhuri, wodini. Mama alipapasa mkoba wake, akatoa kopo la mafuta ya kujipaka, akalifungua. Ndani mlikuwa na mchanga laini. Akapiga viganja juu yake, akajipaka uso, taratibu, kwa heshima. Mkono ukapita juu ya kope ile ile iliyovimba.

"Mama! Unafanya nini?"

"Natayamamu. Si mlinikataza maji?"

Kutayamamu ni kujitoharisha kwa vumbi pale maji yanapokosekana au yanapodhuru. Tayamamu naijua tangu utotoni, nimefundishwa na yeye mwenyewe. Lakini haikunipitia akilini. Kumbe siku ile ya kwanza ya kupimwa, alipoambiwa maji yatakuwa marufuku, alirudi Kurui akajiandaa. Mchanga wa mjini hakuuamini. Alisema umekojolewa na paka na walevi. Akachota wa uani kwake, akauchekecha mpaka ukawa kama unga. Nyumbani kwangu, kila sala, alijifungia chumbani, akavua kikombe cha plastiki alichofunikwa hospitali kulinda jicho, akajipaka.

Nilikasirika, nikapandisha sauti mbele za watu. "Umejitia uchafu jichoni!"

"Uchafu?" Alinigeukia na macho yote mawili yasiyoona. "Uani kwangu?"

Nilimpigia simu ustadhi wa kule kwao, nikamwekea sikioni. Naye alishtuka. Alimwambia, kwa upole sana, kwamba vumbi linakung'utwa viganjani kabla ya kujipaka, na penye kidonda panaachwa, dini haimtaki mtu ajidhuru. "Ungeniuliza, mama yangu."

Mama alinirudishia simu. "Ningemuuliza vipi jambo ninalolijua?" alisema, akalala akiutazama ukuta.

Nikamwendea dokta. Ni mchanga? Akasema inawezekana sana, ila vijidudu vingine huishi kwenye kope za mtu mwenyewe, vikaingia siku ya upasuaji, hawezi kuapa. Nikasubiri maabara. Majibu yakaja: kile kitone hakikuotesha kijidudu hata kimoja. Nilitaka kujua, nilitaka mno, na mpaka leo sijui. Mama hakuniuliza majibu, wala mimi sikumwambia.

Sindano ikarudiwa. Usaha ukapungua, kisha ukaisha. Ikafika siku ya kupima. Dokta alimkalisha mama kitini, akanipeleka mlangoni akaninong'oneza nisimame palepale, nisitoe sauti. Akaondoa bandeji. Akilini nilikuwa naiona nyumba ya Kurui, na chumba cha kwangu, na mama katikati.

"Haya mama. Unaona nini?"

Mama alipepesa. Alitazama dirisha, akatazama meza, kisha akageuka taratibu mpaka uso wake ukanielekea. Akakaza jicho.

"Naona mtu pale mlangoni," alisema, kwa adabu anayowapa wageni. "Mkaribisheni jamani, mbona mnamwacha amesimama?"